Zebaki, Sianidi na Umbo la Molekuli katika Dhahabu ya Lupa

Historia ya Makongolosi, mji mdogo wa Wilaya ya Chunya unaofikiwa kwa barabara ya kilomita 39 kutoka Chunya mjini, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya bei ya dhahabu, ya wageni waliomiminika na kuondoka, na ya mashimo yaliyochimbwa, yakaachwa, kisha yakarudiwa na kizazi kingine. Usimulizi huo ni wa kweli, lakini hauzungumzii jambo ambalo bila hilo dhahabu ya Lupa isingetoka katika jiwe lake, nalo ni kemia. Kwa takribani miaka mia moja dhahabu hiyo imetolewa kwa vitu viwili, zebaki na sianidi, na vyote viwili vilianza kutumika duniani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kueleza kwa nini vinafanya kazi. Maelezo yalipopatikana, yakiwa matunda ya wanakemia waliojiuliza jinsi atomi zinavyojipanga ndani ya molekuli, yaani ndani ya kundi la atomi zilizofungamana, yalibaki maabara na vitabuni, huku mwaloni, mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa, kazi ikiendelea kwa mazoea. Umbali huo kati ya maabara na mwalo ni sehemu ya historia ya Lupa sawa na leseni na mikataba yake, na madhara yake yamewaangukia zaidi wale walioshika kemikali hizo kwa mikono yao.

Eneo la dhahabu la Lupa liko mashariki ya Ziwa Rukwa, juu ya miamba ambayo wanajiolojia huiita ya ukanda wa Ubendi, yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, michanga kwa mamilioni mengi ya miaka kuliko ile inayobeba dhahabu ya Geita na Kanda ya Ziwa. Katika nyufa za miamba hiyo yalipita maji ya moto kutoka chini ya ardhi, yakaacha mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe na gumu, yenye dhahabu pamoja na pairaiti, madini yanayong'aa yanayoundwa na chuma na salfa. Karibu na uso wa ardhi, hewa na mvua za nyakati zisizohesabika ziliozesha pairaiti na kuifungua dhahabu, ambayo chembe zake zilisombwa na kutua katika mchanga wa mito na mabonde; chini zaidi, dhahabu ilibaki imefungwa ndani ya pairaiti ikiwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Tofauti hiyo kati ya dhahabu huru na dhahabu iliyofungwa ndiyo iliyopanga mfuatano wa historia nzima, kwa sababu ya kwanza ilihitaji karai na zebaki tu, ilhali ya pili haikuweza kupatikana mpaka kemia ya aina nyingine ilipofika.

Dhahabu ya mchangani iligunduliwa Lupa mwaka 1922, miaka michache tu baada ya Tanganyika kuwekwa chini ya utawala wa Uingereza, lakini wimbi kubwa la wachimbaji lilikuja katika muongo uliofuata, Uingereza ilipoacha kiwango cha dhahabu mwaka 1931 na Marekani ilipopandisha bei rasmi ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35 mwaka 1934. Wachimbaji wa Kizungu, wengi wao watu wenye mtaji mdogo, walijitokeza kwa mamia, na nyuma ya kila mmoja wao walikuwapo vibarua Waafrika waliotoka Unyakyusa, Usafwa, Unyiha na kwingineko katika Nyanda za Juu Kusini, wakaingia katika nchi ya Wakimbu na Wabungu ambayo ilikuwa kavu na yenye watu wachache. Chakula kililetwa kutoka nyanda zenye rutuba, hasa Rungwe, na mji wa Mbeya ulikua kwa sehemu kubwa kwa kuhudumia machimbo hayo. Mchanga wa mabonde ulipoanza kupungua, uchimbaji ulihamia kwenye mishipa ya kwatzi. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Saza, ambao leo uko katika Wilaya ya Songwe, na kufungwa kwake mwaka 1956 kulimaliza enzi ya kwanza ya Lupa. Nyaraka za enzi hiyo zinawataja wenye leseni kuliko zinavyowataja walioinamia karai, ingawa hao wa pili ndio walioijua zebaki kwa ngozi na pumzi zao.

Matumizi ya zebaki katika kukamata dhahabu ni ya kale mno. Warumi waliyajua, na mwaka 1554 Bartolomé de Medina aliyapanua huko Pachuca, Mexico, alipobuni namna ya kuitumia zebaki kwa wingi katika kutoa fedha kwenye mawe. Kazi yenyewe inaelezeka kwa urahisi: mawe ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, husagwa kwenye karasha na kuoshwa mpaka ubaki mchanga mzito, zebaki humiminwa humo na kusuguliwa, nayo huzilowesha chembe za dhahabu na kuzikusanya katika donge laini la rangi ya fedha, donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Kwa kuwa zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357 na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzijoto 1064, moto huiondoa ya kwanza na kuibakiza ya pili. Mchenjuaji asiyejua kusoma aliweza, na bado anaweza, kuifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao mwanakemia wa chuo kikuu angepaswa kujifunza kwake.

Kwa nini zebaki, peke yake miongoni mwa metali za kawaida, ni kimiminika katika joto la kawaida, na kwa nini dhahabu, jirani yake katika jedwali la elementi, ina rangi ya njano wakati metali nyingi ni za kijivu au nyeupe, ni maswali ambayo hayakuwa na jibu hata siku Saza ilipofungwa. Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna mchimbaji angelitafuta, katika nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya mwaka 1905, inayoeleza mwenendo wa vitu vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kiini cha atomi ya dhahabu kina protoni 79 na cha zebaki kina protoni 80, na mvuto wake ni mkubwa kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa hukimbia kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga. Uzito wao huongezeka, njia zao husogea karibu na kiini, na badiliko hilo hufika mpaka kwenye elektroni za nje. Katika dhahabu matokeo yake ni kwamba mwanga wa buluu hufyonzwa na wa njano hurudishwa; katika zebaki elektroni mbili za nje hushikwa na kiini kwa nguvu kiasi kwamba atomi moja haishikani vizuri na nyingine, na metali hubaki maji. Hesabu za kuthibitisha sehemu hii ya pili, kuhusu kuyeyuka kwa zebaki, zilikamilika mwaka 2013 tu, wakati zebaki ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya vizazi vinne vya wachimbaji wa Lupa.

Historia ya sianidi ina mafunzo zaidi kuhusu namna ugunduzi unavyozaliwa, kwa sababu ilianza katika rangi na haikufika katika dhahabu mpaka baada ya karibu karne mbili. Karibu mwaka 1706 mtengeneza rangi wa Berlin aliyeitwa Diesbach alipata kwa bahati rangi ya buluu iliyokolea, ambayo baadaye iliitwa buluu ya Prussia; mwaka 1782 mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipasha moto rangi hiyo pamoja na asidi na kupata asidi mpya yenye sumu kali; na mwaka 1815 Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kwamba asidi hiyo ina haidrojeni, kaboni na nitrojeni pekee. Tokeo hilo lilisaidia kuivunja imani iliyoachwa na mwanakemia Lavoisier kwamba hakuna asidi bila oksijeni. Kilichobaki haidrojeni inapoondoka ndicho sianidi: atomi moja ya kaboni na moja ya nitrojeni, zilizofungamana kwa vifungo vitatu, jozi ndogo yenye chaji hasi ambayo husafiri pamoja kutoka kampaundi moja hadi nyingine mithili ya atomi moja.

Katika miaka ya 1840 mwana wa ukoo wa kifalme wa Georgia, Pyotr Bagration, aliona kwamba mmumunyo wa sianidi ya potasiamu huyeyusha dhahabu, metali ambayo hata asidi ya salfuri haiigusi. Mwaka 1846 Mjerumani Elsner alibaini kwamba kuyeyuka huko kunahitaji oksijeni. Na Michael Faraday, katika uchunguzi wake wa dhahabu na mwanga uliochapishwa mwaka 1857, alitumia sianidi kuzipunguza unene karatasi za dhahabu na kuona kwamba upande unaogusa hewa ndio unaoliwa haraka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiria mgodi. Ilimpasa mwanakemia wa Glasgow, John Stewart MacArthur, akishirikiana na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, kuunganisha maarifa hayo mwaka 1887 na kuonyesha kwamba mmumunyo hafifu mno wa sianidi unaweza kuitafuta dhahabu ndani ya mawe yaliyosagwa na kuacha karibu kila kitu kingine. Mwaka mmoja baadaye waliongeza namna ya kuirudisha dhahabu kutoka kwenye mmumunyo kwa vipande vya zinki. Njia hiyo ilitumika kibiashara New Zealand mwaka 1889 na Johannesburg mwaka 1890, ambako migodi ilikuwa imefika kina cha pairaiti na zebaki ilikuwa imeanza kushindwa. Bila MacArthur migodi ya kusini mwa Afrika ingesimama, na pasipo migodi hiyo wengi wa wachimbaji walioinua macho yao kuelekea Lupa, pamoja na mitaji na ufundi wao, wasingekuwapo.

MacArthur alijua kwamba njia yake inafanya kazi. Hakuweza kueleza kilichotokea kwa dhahabu ilipotoweka ndani ya maji, kwa maana kemia ya wakati wake haikuwa na nafasi kwa kitu cha aina hiyo. August Kekulé, aliyependekeza mwaka 1865 kwamba atomi sita za kaboni katika benzini zimefungwa katika duara, alikuwa amejenga nadharia ya muundo wa molekuli juu ya msingi kwamba kila elementi ina valensi moja isiyobadilika, yaani idadi maalumu ya vifungo inavyoweza kushika. Nadharia hiyo iliizalia Ulaya viwanda vya rangi na dawa. Hata hivyo ilikwama mbele ya chumvi nyingi za metali, hasa zile za kobalti na amonia, ambazo ndani yake metali ilionekana kushika vitu vingi kuliko valensi yake ilivyoruhusu. Kekulé aliziweka kando kama michanganyiko ya molekuli iliyoshikana kwa udhaifu tu, na Mdenmark Sophus Mads Jørgensen, mmoja wa mafundi hodari kuliko wote wa maabara wa karne ile, alijaribu kuziokoa kwa kudhani kwamba amonia hujipanga katika minyororo.

Aliyeufungua mlango huo ni Alfred Werner, mzaliwa wa Mulhouse, ambaye mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 26 na mwalimu wa ngazi ya chini huko Zurich, alichapisha nadharia ya uratibu. Kwa mujibu wake, atomi ya metali ina nguvu za aina mbili: moja ni valensi ya kawaida inayolingana na chaji yake, na nyingine ni uwezo wa kujizungushia idadi maalumu ya atomi au makundi ya atomi, ambayo leo huitwa ligandi, katika nafasi zilizopangwa kwa umbo maalumu, mara nyingi sita kwenye pembe za umbo la nyuso nane, mara nyingine nne au mbili. Inasimuliwa kwamba jibu lilimjia usingizini, kwamba aliamka saa nane usiku na kuandika bila kupumzika hadi jioni ya siku iliyofuata. Kekulé naye, katika sherehe aliyofanyiwa Berlin mwaka 1890, alikuwa ameeleza kwamba duara la benzini lilimjia katika ndoto ya nyoka anayeuma mkia wake. Masimulizi ya namna hii yanapendwa, nayo huenda yakampotosha msomaji akidhani kwamba ugunduzi ni zawadi ya usingizi, wakati Kekulé mwenyewe aliwaonya wasikilizaji wake kwamba ndoto isitangazwe kabla ya kupimwa na akili iliyo macho. Werner alitumia zaidi ya miaka 20 kuipima ndoto yake, akitegemea sana vipimo ambavyo Jørgensen, mpinzani wake, alikuwa amevifanya kwa uaminifu mkubwa. Mwaka 1911, yeye na wanafunzi wake walifanikiwa kutenganisha maumbo mawili ya chumvi moja ya kobalti, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, jambo ambalo lisingewezekana kama minyororo ya Jørgensen ingekuwa ya kweli. Jørgensen alikuwa amekwisha kukubali kushindwa. Katika simulizi lote la kemia ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa heshima kati ya mwenye wazo na mwenye vipimo, na Tuzo ya Nobel aliyopewa Werner mwaka 1913 ilikuwa kwa haki tunda la mikono ya wote wawili.

Kwa nadharia ya Werner, kile ambacho MacArthur hakuweza kukieleza kinakuwa wazi. Oksijeni iliyo katika maji huinyang'anya atomi ya dhahabu elektroni moja. Sianidi mbili huishika mara moja, moja kila upande, kila moja ikielekeza kaboni yake kwa dhahabu, na hivyo hupatikana ioni, yaani molekuli yenye chaji, iliyonyooka kama mstari: nitrojeni, kaboni, dhahabu, kaboni, nitrojeni. Mshiko huo ni imara kiasi kwamba dhahabu, ambayo ikiwa peke yake haikubali kuachana na elektroni zake, hukubali kwa sababu ya kile inachopata baada ya hapo. Mchanga wa kwatzi hauna cha kushikwa na sianidi, ndiyo maana mmumunyo hafifu unaweza kupita katika tani nyingi za mawe na kurudi na gramu chache za kile kinachotafutwa.

Umbo hilo ndilo linalotumika leo Makongolosi na katika vijiji jirani vya Wilaya ya Chunya, ambako tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya madini katika miaka ya 1980 wachimbaji wadogo wamerudi kwa wingi, na ambako soko la madini lilifunguliwa Chunya mwaka 2019. Soko hilo lilianzishwa pamoja na mengine nchini baada ya mageuzi ya sheria. Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa na kupitishwa zebaki, hukusanywa na kujazwa katika matangi makubwa. Mmumunyo wa sianidi na chokaa hupitishwa humo kwa siku kadhaa, kisha huelekezwa kwenye mapipa yenye kaboni, ambayo ni makaa yaliyotengenezwa kwa namna maalumu, hasa kutokana na vifuu vya nazi, hata gramu moja ikawa na nyuso za ndani zenye ukubwa wa mamia ya mita za mraba. Ioni ya dhahabu hunata kwenye nyuso hizo. Kaboni iliyoshiba hupelekwa kwenye mtambo mwingine ambako mmumunyo wa moto wa kostiki, kwa utaratibu uliotokana na kazi ya Mmarekani J. B. Zadra katika miaka ya 1950, huilazimisha dhahabu kuachia makaa, na umeme huirudishia elektroni iliyonyang'anywa, ikawa metali tena juu ya nyuzi za chuma.

Nguvu inayoifanya sianidi kuishika dhahabu ndiyo hiyo hiyo inayoifanya kuua. Mwilini, chuma kilichomo katika kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli hushikwa na sianidi, na seli hushindwa kuitumia oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni. Chokaa inayotiwa katika matangi haiwekwi kwa mazoea tu: maji yanapokuwa na ukali wa kutosha wa chokaa, sianidi hubaki ndani yake ikiwa ioni, na maji yanapopoteza ukali huo, kila sianidi hushika haidrojeni na kuwa gesi ya Scheele, inayochemka kwa nyuzijoto 26 hivi, yaani katika joto la mchana wa kawaida wa Chunya. Mfanyakazi anayeambiwa aweke chokaa bila kuelezwa sababu atapunguza chokaa siku ambayo bei yake imepanda. Anayejua kwamba chokaa ndiyo inayoizuia gesi isitoke hatapunguza.

Wenyeji wa Afrika Mashariki hawakuwa wageni wa molekuli hii. Muhogo mchungu hubeba linamarini, sukari iliyobeba sianidi ndani yake, na desturi ya kuloweka, kuvundika na kuanika muhogo ni kemia kamili, kwa kuwa hukipa kimeng'enya cha mmea muda wa kuivunja linamarini na kuipa gesi nafasi ya kupotea hewani. Pale ambapo ukame na njaa viliwalazimisha watu kufupisha hatua hizo, kama ilivyotokea Tarime mwaka 1985, ulizuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu bila tiba. Maarifa ya mapishi yalikuwa sahihi kwa vizazi vingi bila kuhitaji jina la molekuli, na yalivunjika pale tu hali ilipowanyima watu muda wa kuyafuata.

Katika hatima yao baada ya kutumika, sianidi na zebaki zinatofautiana, na tofauti yao inatokana moja kwa moja na muundo. Sianidi ni molekuli, na molekuli huvunjika: jua, hewa na bakteria huikata jozi ya kaboni na nitrojeni, na kinachobaki huwa vitu vya kawaida, isipokuwa sehemu ambayo imeshikana na chuma na ambayo hudumu zaidi. Zebaki ni elementi, na hakuna moto, jua wala bakteria anayeweza kuivunja. Inaweza tu kubadilisha mahali na wenzi. Inapochomwa hewani huwa mvuke usio na harufu, unaoingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo za mchomaji na za watoto walio karibu naye. Inapofika kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria huifunga kwenye kundi la methili, kaboni moja yenye haidrojeni tatu, na kampaundi hiyo ndogo iliyonyooka hupita katika kuta za mwili ambazo zebaki ya kawaida haivuki kwa urahisi, hujilimbikiza katika samaki na humfikia mtoto tumboni. Inafaa kutajwa kwamba protini ambayo bakteria huitumia kufanya kazi hiyo hubeba kobalti katika mpangilio wa jamaa ya vitamini B12, ambayo muundo wake ulifumbuliwa katikati ya miaka ya 1950 na Dorothy Hodgkin, naye habari ya Tuzo yake ya Nobel ilimkuta Ghana mwaka 1964. Kobalti ya Werner, kwa maneno mengine, imo katika kutengenezwa kwa sumu hiyo na ndani ya vitamini vilevile.

Dunia ilijifunza habari ya zebaki ya methili kwa gharama ya watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa wavuvi ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, mwaka uleule Saza ilipofungwa, na ambako serikali ilikiri chanzo chake, majitaka ya kiwanda cha kemikali, mwaka 1968. Uhusiano kati ya Minamata na Tanzania si wa jina la mkataba wa kimataifa wa zebaki pekee. Katika miaka ya 1990 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya utafiti ya Minamata walipima samaki na nywele za watu katika machimbo ya Kanda ya Ziwa, na kukuta kwamba hatari ya karibu zaidi ilikuwa kwa wanaoshika na kuchoma zebaki wenyewe kuliko kwa walaji wa samaki. Hata hivyo, kwa Lupa hatari ya majini haiwezi kupuuzwa, kwa sababu mito yake huteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka, na kinachofika huko hakina njia ya kwenda baharini.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake kinachohusu wachimbaji wadogo kinataja vitendo vinne vya kukomeshwa: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito uliokwisha kuoshwa, kuchoma donge la zebaki mahali pa wazi, kulichoma katika makazi ya watu, na kupitisha sianidi katika marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Kitendo cha nne hueleweka vibaya kuliko vingine vyote, na hakieleweki kabisa bila Werner. Sianidi haichagui dhahabu peke yake. Huishika zebaki pia, na zebaki ambayo ilikuwa matone mazito yaliyolala chini ya tangi huwa chumvi inayoyeyuka na kusafiri na maji, huku sianidi iliyolipiwa kwa ajili ya dhahabu ikiishia kwenye zebaki. Mwenye tangi hupoteza fedha, mto hupata sumu, na sababu ya hasara zote mbili ni ileile: ligandi ileile, inayoshika metali mbili zinazokaa bega kwa bega katika jedwali la elementi.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, ndiyo inayosimamia uingizaji na matumizi ya kemikali hizi kwa sheria ya mwaka 2003, na kazi yake Chunya ni nzito, kwa maana marudio ya eneo hilo yana tabaka la kila enzi ya kemia: yale yaliyoachwa na zebaki ya miaka ya 1930, yaliyoachwa na matangi ya migodi mikubwa, na yanayoachwa leo. Kila kizazi kimerudi kwenye mabaki ya kizazi kilichotangulia na kukuta dhahabu iliyowashinda waliotangulia, pamoja na zebaki yao. Retoti, chungu cha chuma chenye bomba linalopozwa kwa maji, huikamata zebaki ya sasa kabla mvuke wake haujapotea hewani na kumrudishia mchomaji ili aitumie tena. Kwa ile ya zamani, iliyokwisha kuzama mchangani, hakuna njia ila kuipima kabla ya tangi kujazwa. Kipimo hicho hufanywa kwa kuyeyusha sampuli ndogo ya marudio katika asidi, kuigeuza zebaki yake kuwa mvuke, na kuupitisha mvuke huo mbele ya mwanga wenye mawimbi ya nanomita 253.7, ambao atomi za zebaki huufyonza, kiasi cha mwanga kilichopotea kikionyesha kiasi cha zebaki kilichomo.